Kurudi Kwenye Unyumba Baada ya Kujifungua: Mwongozo kwa Mama na Baba

Mara nyingi swali huja mama akiwa ameshasimama, mtoto ameshafunikwa kanga, na mkono wa mama uko kwenye kitasa cha mlango. “Sista, samahani, na yale mambo mengine je? Baba watoto anauliza.” Tumekaa dakika ishirini tukizungumzia kitovu cha mtoto, uzito wake na chanjo zake, lakini hili, ambalo pengine ndilo lililomkosesha usingizi, amelibakiza hadi mwisho, na hata hapo amelisema kwa jina la mumewe. Kwa kuwa mimi ni mkunga na nimelisikia swali hilo miaka mingi katika kliniki ya mama na mtoto, nimeona nilijibu kwa kirefu, hatua kwa hatua, ili mama asiyepata nafasi ya kuuliza apate pa kuanzia, na baba anayesubiri nyumbani asome pamoja naye.

Hatua ya kwanza: Elewa arobaini inahesabu nini

Katika sehemu nyingi za Tanzania, pwani na bara, mzazi huwekwa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga na mtori, na kazi za nyumba hushikwa na mama yake, mama mkwe au mdogo wake. Mapumziko hayo yana msingi mzuri kitabibu. Kondo la nyuma linapotoka huacha ndani ya mfuko wa uzazi kidonda kipana karibu sawa na kiganja cha mkono, shingo ya kizazi inakuwa haijafunga sawasawa, na damu ya nifasi, yaani ile inayotoka baada ya kujifungua, ndiyo dalili kwamba kidonda hicho kinaendelea kujisafisha. Damu huanza ikiwa nyekundu, kisha hupauka na kuwa ya kahawia au waridi, na mwisho hubaki majimaji meupe yenye unjano. Kwa wanawake wengi huisha kati ya wiki ya nne na ya sita, wakati ambapo kizazi nacho kimerudi karibu na ukubwa wake wa awali. Kukutana kimwili wakati njia hiyo bado iko wazi ni kuwafungulia vijidudu mlango.

Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wanajua kwamba hukumu hufuata damu: ikikatika kabla ya siku ya 40, mwanamke huoga, husali, na katazo la unyumba huondoka; ikiendelea, nifasi inaweza kuhesabiwa hadi siku 60. Hesabu hii iko karibu sana na mwili wenyewe kuliko watu wanavyodhani. Lakini iwe ni ya dini au ya mila, ruhusa hiyo huondoa katazo tu, na haimpi mama wajibu wa kuanza siku hiyo hiyo.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona namna arobaini inavyogeuzwa kuwa miadi. Mama aliyekwenda kujifungulia kwao hurudi mjini kwa basi, amempakata mtoto njia nzima, miguu imevimba, maziwa yamelowesha gauni, na usiku ule ule anahisi kwamba anadaiwa. Hakuna deni. Wapo walio tayari wiki ya sita, wapo walio tayari mwezi wa nne au wa sita, na wote hao ni wazima.

Hatua ya pili: Ukague mwili wako mwenyewe

Chukua kioo kidogo, jifungie chumbani kwenye mwanga wa kutosha, weka mguu mmoja juu ya kigoda na ujitazame. Wanawake wengi waliochanika msamba au walioongezewa njia kwa kukatwa hawajawahi kukiona kidonda chao. Wanakifahamu kwa maumivu tu, na wanakiwazia kuwa kibaya kuliko kilivyo. Nyuzi zinazotumika hapo kwa kawaida huyeyuka zenyewe. Unachotafuta ni kidonda kilichofunga, kisicho na uwekundu mkali, usaha wala harufu mbaya. Baada ya kunawa mikono, bonyeza taratibu kwa kidole kuzunguka kovu. Likiuma kwa kuguswa na kidole chako mwenyewe, litauma zaidi kwa tendo la ndoa, na hilo ni jibu tosha kwamba bado.

Aliyechanika hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa asitegemee kioo peke yake, bali aonwe na daktari kabla ya kuanza. Aliyejifungua kwa upasuaji naye asidanganywe na maneno ya “wewe njia yako iko salama.” Kizazi chake kina kidonda cha kondo kama cha wengine, pamoja na kidonda cha kisu kilichopita katika tabaka kadhaa za tumbo, ngozi ya juu hupona mapema, ya ndani huchelewa.

Wiki ya sita mtoto huletwa kliniki kwa chanjo zake, na hapo ndipo mama anapaswa kuchunguzwa pia. Ninasikitika kusema kwamba mara nyingi mtoto ndiye anayepimwa, anayechomwa sindano na kuandikiwa kadi, na mama hurudi nyumbani bila mtu kumgusa. Usisubiri uulizwe. Sema, “Naomba na mimi niangaliwe kidonda na kizazi.” Ni haki yako, na anayekuhudumia anajua hivyo.

Hatua ya tatu: Panga uzazi kabla ya siku ya kwanza

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mama kuja miezi mitano baada ya kujifungua, akiwa na ujauzito mwingine, na maneno yake yakiwa yale yale: “Lakini sikuwa nimeona siku zangu.” Yai hutoka kabla ya hedhi. Damu ya kwanza ya mwezi huja takriban wiki mbili baada ya yai la kwanza kupita, kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba kabla ya kuiona hedhi hata moja. Asiyenyonyesha anahitaji kinga kuanzia siku ya 21 tangu kujifungua, yaani hata kabla arobaini haijaisha.

Kunyonyesha kunakinga kweli, kwa takriban asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayopaswa kutimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajatimiza miezi 6, na ananyonya maziwa ya mama peke yake, mchana na usiku, bila uji, bila maziwa ya kopo na bila maji ya kupoza koo. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Mama aliyerudi kazini na kuacha uji kwa dada wa nyumbani ameshatoka kwenye njia hii, hata kama mtoto ana miezi mitatu.

Njia nyingine zipo katika vituo vya afya. Kijiti kinaweza kuwekwa hata kabla ya kutoka hospitali, na hukinga miaka 3 au 5 kulingana na aina yake. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, la sivyo husubiriwa wiki ya nne. Sindano kwa anayenyonyesha huanza wiki ya sita. Vidonge navyo ni vya aina mbili, na hapa panahitaji uangalifu: kuna vyenye homoni moja, ambavyo humfaa anayenyonyesha, na vyenye homoni mbili, ambavyo anayenyonyesha anapaswa kuvisubiri mpaka mtoto afikishe miezi 6. Usimeze vya jirani. Kondomu hutumika wakati wowote, na ndiyo pekee kati ya hizi inayozuia pia magonjwa.

Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Kwa aliyepasuliwa, ninauomba muda huo uheshimiwe hata zaidi.

Hatua ya nne: Zungumzeni, na anzeni na lile linaloogopwa

Katika nyumba nyingi za Tanzania, kitu kinachokaa katikati ya kitanda baada ya uzazi ni hofu ya kumbemenda mtoto. Husemwa kwamba wazazi wakikutana mtoto angali ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto, mtoto atakonda, ataharisha na kuchelewa kutembea. Nimewaona akina mama waliokataa unyumba kwa miaka miwili kwa hofu hiyo, wakiwa na hamu ya waume zao na bila kuthubutu kuwaeleza sababu. Nao waume wakidhani wamechukiwa.

Mbegu za kiume haziingii katika maziwa. Mtoto anayekonda ana sababu inayotafutika: hashibi, ana kuhara kusikotibiwa, ana kifua kikuu, ana virusi vya UKIMWI, au ameachishwa ziwa ghafla kwa sababu mama ana mimba mpya. Ubaya mkubwa wa neno kubemenda ni kwamba humtia mama aibu. Nimempokea mtoto wa mwaka mmoja, mashavu yamemwagika na miguu imevimba, aliyefichwa ndani wiki kadhaa ili majirani wasiseme wazazi wake wameshindwa kujizuia. Alihitaji maziwa ya tiba ya utapiamlo tangu wiki ya kwanza ya kufichwa kwake.

Hata hivyo, siwadharau wazee waliotuachia katazo hili, maana ndani yake kuna mambo mawili ya kweli. La kwanza ni kupishanisha watoto, ambalo enzi zao halikuwa na kijiti wala kitanzi, lilikuwa na subira tu. La pili ni hatari ya baba kutafuta nje wakati mama anapumzika. Mama akiambukizwa virusi vya UKIMWI akiwa ananyonyesha, virusi huwa vingi sana katika damu na maziwa yake katika wiki zile za mwanzo, na uwezekano wa mtoto kuambukizwa huwa mkubwa. Baba anayesoma hapa alichukue hili kwa uzito wake wote. Na ikiwa jambo limeshatokea, njia ya kumwokoa mtoto ni kupima wote wawili mapema na kutumia kondomu kipindi chote cha kunyonyesha. Kunyamaza ndiko kunakodhuru.

Mazungumzo yenyewe yasifanyike kitandani taa ikiwa imezimwa, kwa sababu hapo kila neno husikika kama kukataliwa. Kaeni mchana, mtoto amelala, na mseme kwa maneno ya kawaida. Mama anaweza kusema, “Kidonda bado kinanivuta, lakini nakukumbuka. Leo nikumbatie tu, tusifike mbali.” Baba anaweza kusema, “Nitakusubiri. Niambie tu unachokitaka na usichokitaka.” Kukumbatiana, kukandana mgongo na kulala mmeshikana mikono havihitaji arobaini wala ruhusa ya daktari. Wanandoa walioviacha hivyo vyote kwa miezi mitatu huona tendo lenyewe limekuwa geni.

Baba, naomba pia uelewe sababu ya mama kukosa hamu. Homoni inayotengeneza maziwa hushusha homoni ya estrojeni, na estrojeni ndiyo inayoupa uke unyevu na hamu yake. Juu ya hapo ameshikwa, amenyonywa na kubebwa na kichanga mchana kutwa, ameamka mara nne usiku. Ukiosha vyombo, ukamwogesha mkubwa na kumwacha mama alale saa mbili mfululizo, utakuwa umefanya jambo kubwa kwa ajili ya unyumba kuliko maneno ya kumbembeleza. Lakini akiwa analia kila siku, hali chakula, hajisikii chochote kwa mtoto, au anasema bora asingekuwepo, hiyo huenda ni sonona ya baada ya kujifungua. Mpeleke kituo cha afya, msisubiri ipite.

Hatua ya tano: Usiweke kitu cha kubana

Hapa sitapunguza maneno. Baada ya uzazi, mama huletewa ushauri wa “kujirudisha usichana”: shabu, lile jiwe jeupe linalotuliza tope la maji, ugoro, unga wa mizizi, ndimu, maji ya chumvi ya moto kiasi cha kubabua. Vitu hivi havibani chochote. Hukausha na kuunguza utando wa uke, ambao tayari ni mkavu kwa sababu ya kunyonyesha, na anachokihisi mume kama kubana ni uvimbe na ukavu wa sehemu iliyojeruhiwa. Michubuko hiyo ndiyo njia rahisi ya kupitishia maambukizi. Udi na liwa vina uzuri wake kwenye nguo na ngozi, na sina neno navyo, ila usijifukize moshi kwenye kidonda cha msamba.

Kinachorudisha nguvu ni mazoezi ya misuli ya nyonga. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia ukihesabu hadi tano, achia kabisa, kisha rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ukizoea, hesabu hadi kumi. Usibane pumzi wala makalio. Unaweza kuyafanya ukinyonyesha, na hakuna atakayejua. Huwasaidia pia wanaovujwa na mkojo wanapopiga chafya.

Hatua ya sita: Siku mnayoichagua

Chagueni wakati baada ya mtoto kunyonya akashiba, kwa sababu ndipo anapolala kwa utulivu, na matiti yakiwa mepesi hayachuruziki sana. Wenye chumba kimoja na mgeni aliyekuja kusaidia mzazi wanajua kwamba usiku hauna faragha. Mchana wa siku ambayo mgeni ameenda sokoni na mkubwa yuko shule unafaa kuliko usiku wa manane. Mtoto alazwe pembeni mahali salama, chali, pasipo ukingo wa kudondoka wala blanketi la kumfunika uso.

Wekeni kilainishi chenye asili ya maji, kinachouzwa katika maduka ya dawa. Nalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu katika nyumba nyingi kilicho karibu ni mafuta ya nazi au mafuta ya mgando, na yote mawili hudhoofisha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache. Kama hamtumii kondomu na kidonda kimepona, mafuta safi ya nazi hayana neno. Kama mnatumia, msiyaguse.

Anzeni polepole, na muda wa kushikana na kubusiana uwe mrefu kuliko zamani. Mkao unaompa mama uwezo wa kuongoza kina na kasi ndio bora, ama yeye akiwa juu, ama wote wawili mkiwa mmelala ubavu. Kwa aliyepasuliwa, ubavu ni bora zaidi kwa kuwa haulemei kovu. Hisia ya kuvutika kidogo mwanzoni ni ya kawaida. Maumivu makali si ya kawaida, na yakitokea mnaacha, bila lawama na bila “vumilia kidogo.” Mama aliyevumilia mara moja mwili wake hukumbuka, na mara ya pili misuli hujikaza yenyewe kabla hajaguswa.

Maziwa yanaweza kuruka wakati wa raha, kwa sababu homoni inayosukuma maziwa ndiyo hiyo hiyo inayotoka wakati huo. Wekeni taulo karibu, na baba asishtuke wala kuonyesha kinyaa. Sura yake katika dakika ile mama ataikumbuka muda mrefu.

Hatua ya saba: Jua lini kurudi kliniki

Kuna dalili zisizosubiri kesho: damu nyekundu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, maumivu ya chini ya tumbo pamoja na majimaji yenye harufu, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au kidonda kilichofumuka. Mkojo au choo kikitoka ukeni bila kujizuia, hiyo ni fistula. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazoitibu bila malipo. Usijitenge na mumeo wala majirani kwa aibu ya harufu, njoo utibiwe.

Maumivu ya tendo la ndoa yanayoendelea baada ya majaribio matatu au manne, hata kwa kilainishi na upole wote, nayo yana tiba. Wakati mwingine ni kovu lililoshonwa kwa kubana, wakati mwingine ni ukavu unaohitaji dawa ya kupaka, wakati mwingine ni misuli iliyojifunza hofu. Ukifika na kukuta benchi limejaa, na ukaona haya kusema mbele ya watu, mwambie nesi wa mapokezi maneno mawili tu: “Nina shida ya nyuzi.” Ataelewa, atakuingiza chumba cha ndani, na mlango ukishafungwa utauliza lile la mwisho likiwa la kwanza.